Msimharakishe Mzee

Nazungumza nanyi mlioko Kabezi, Magara, Rumonge, hadi Nyanza-Lac, kando ya Ziwa Tanganyika hapa Burundi. Mliorudi kutoka ziwani asubuhi hii, na mliobanana ndani ya Probox mkielekea Bujumbura.

Leo nina neno kuhusu ugonjwa ambao wengi wetu tunauona mtaani bila kuujua kwa jina. Mzee amekaa barazani, hafanyi kitu, mkono mmoja unatetemeka. Akiinuka, anainuka kwa shida. Akitembea, hatua ni fupi fupi, mgongo umeinama, mkono mmoja umebaki ubavuni kama si wake. Uso hauonyeshi furaha wala hasira, hata wajukuu wanadhani babu amenuna. Sauti imefifia. Majirani husema huo ni uzee. Wengine hushusha sauti na kusema kuna mkono wa mtu. Hospitali unaitwa ugonjwa wa Parkinson, kwa jina la daktari wa London, James Parkinson, aliyeuelezea mwaka 1817 katika kijitabu kidogo kilichozungumzia wagonjwa sita.

Hapa Kabezi tunajua sana maana ya tiba ya dharura. Kuanzia mwaka 2006, Madaktari Wasio na Mipaka waliendesha hapa kituo cha dharura za uzazi. Mama akikwama kujifungua huko milimani, kituo cha afya kilikuwa kikipiga simu, na gari la wagonjwa likipanda kumfuata. Mwaka 2012 shirika hilo lilitangaza kwamba kwa makadirio yake vifo vya wazazi katika eneo hilo vilipungua kwa asilimia 74. Ndiyo sababu mtu wa huku akisikia neno hospitali, huwazia king'ora na kisu cha daktari, kisha mtu anarudi nyumbani amepona.

Parkinson hauendi hivyo. Hauna king'ora. Unakuja polepole, unakaa miaka kumi, ishirini, hata zaidi, na mpaka leo hakuna dawa ya kuuondoa. Lakini zipo dawa za kuutuliza, na zipo namna za kuishi nao. Sehemu kubwa ya tiba hiyo inafanyika nyumbani, mikononi mwa mke, mume, mtoto na mjukuu, na inasimama juu ya mambo mawili: saa na subira. Mpangieni mgonjwa saa zake, na msimharakishe. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Kwanza tujue kinachotokea mwilini. Ndani kabisa ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Dopamini ndiyo inayofanya mwili utembee, ugeuke na ushike vitu bila mtu kufikiria. Chembe hizo zikianza kufa, mwendo unakuwa mzito, viungo vinakakamaa, mkono unatetemeka. Kufikia siku ambayo familia inaona mkono ukitetemeka, sehemu kubwa ya chembe hizo imekwisha kupotea. Ndiyo maana ukiuliza vizuri utasikia kwamba miaka kadhaa kabla yake mzee aliacha kusikia harufu ya samaki mukeke anayekaangwa, alikuwa akipata choo kwa tabu, au alikuwa akipiga mateke na kelele usingizini.

Chanzo? Kwa wagonjwa wengi hakijulikani. Umri unachangia. Kwa wachache ni jambo la ukoo. Utafiti umehusisha pia baadhi ya dawa za shambani, hasa ile ya kuua magugu iitwayo paraquat, kwa hiyo anayebeba bomba la kupulizia mgongoni na ajikinge. Ugonjwa huu hauambukizi. Kula naye sahani moja, lala naye chumba kimoja, hutaupata.

Na uchawi je? Msikilizaji, Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja hapa Burundi Septemba 1990, na wazee wengi wanamkumbuka. Miaka ya mwisho ya maisha yake, kabla hajafariki Aprili 2005, dunia nzima ilimwona mkono ukimtetemeka, uso umekakamaa, maneno yakimtoka kwa taabu. Ulikuwa ugonjwa huu huu. Muhammad Ali naye, yule aliyemwangusha George Foreman katika nchi iliyo ng'ambo ya ziwa letu, mjini Kinshasa, Oktoba 1974, aligunduliwa nao mwaka 1984 akiwa na miaka 42, akaishi nao miaka 32 zaidi. Sikusikia mtu akisema Papa amerogwa na jirani yake. Kwa nini basi tuseme hivyo kwa mama mjane wa Gitaza? Kule Uganda imani kama hiyo ipo: mtu akitetemeka husemwa amevunja mwiko wa wakwe. Wagonjwa na jamaa zao wameunda chama kiitwacho Parkinson's Si Buko Uganda kuyakanusha maneno hayo hadharani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mgonjwa wa Parkinson hufichwa chumba cha ndani kwa sababu ya aibu isiyo yake.

Kwamba wanafichika, ushahidi upo. Katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro huko Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000. Matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33. Idadi si kubwa, lakini sikilizeni hili: katika kila wagonjwa kumi, karibu wanane walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana Parkinson. Wameishi na ugonjwa bila kuujua, na tiba ipo. Hai ni vijiji vya wakulima kama vyetu. Wengi wao walijulikana kwa sababu kuna mtu alipiga hodi.

Sasa utamjuaje? Si kila anayetetemeka ana Parkinson. Mtazame mzee wakati wa chai. Mikono ikiwa imelala mapajani, je, mkono mmoja unatetemeka, kidole gumba kikisugua cha shahada kana kwamba anafikicha tumbaku? Kisha anaponyoosha mkono kukichukua kikombe, mtetemeko unapungua au unakwisha? Hiyo ni dalili ya Parkinson. Lakini kama mikono imetulia mapajani, halafu chai inamwagika kila anapopeleka kikombe mdomoni, mara nyingi huo ni mtetemeko wa aina nyingine, na dawa zake ni nyingine. Mvuvi mwenye Parkinson anaweza kukushangaza: mkono unacheza gotini, lakini akishika sindano ya kushonea wavu, unatulia. Tatizo lake ni kwamba tundu alilokuwa akiliziba kabla chai haijapoa sasa linamla asubuhi nzima. Na wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa. Dalili zao ni uzito wa mwendo na kukakamaa tu. Hayo mwelezeni daktari, maana ugonjwa huu daktari huutambua kwa kumsikiliza mgonjwa, kumtazama anavyotembea na kumgusa viungo. Hakuna kipimo cha damu cha kawaida kinachoutaja.

Akishaandikiwa dawa, kubwa yao ni levodopa. Ni ya siku nyingi, imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1960, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa za lazima. Ubongo huigeuza kuwa dopamini. Hapo ndipo saa inapoingia.

Tumfuate mzee mmoja wa mfano, tumwite Mzee wa Pwani, siku nzima.

Alfajiri, dawa ya jana imekwisha mwilini. Mwili ni mzito, kugeuka kitandani ni kazi. Kosa linalofanyika nyumba nyingi ni kumwinua kwanza, kumwogesha, kumlisha, ndipo apewe kidonge. Geuzeni mpango. Kidonge na maji vikae karibu na kitanda tangu usiku. Akiamka, akae, anywe, asubiri. Nusu saa, pengine saa nzima, dawa inashika, na yule aliyekuwa anahitaji watu wawili kumwinua anainuka mwenyewe. Asisimame ghafla: akae ukingoni mwa kitanda, miguu ichezecheze kidogo, kwa sababu ugonjwa huu na dawa zake hushusha shinikizo la damu mtu anaposimama, na kizunguzungu kinaangusha.

Kisha chakula. Levodopa hugombania njia na protini: maharage, ndagala, mukeke, nyama, maziwa. Ikimezwa pamoja na sahani ya maharage, inachelewa kufika au inafika kidogo, na mzee anakaa mchana kutwa akisema dawa haifanyi kazi. Kwa hiyo kidonge kitangulie chakula kwa nusu saa au zaidi, au kisubiri saa moja na nusu hivi baada ya kula. Kama kinamchafua roho, ale nacho kipande cha muhogo au ndizi. Sisemi aache samaki. Mtu wa Tanganyika ataachaje samaki, tena mgonjwa huyu anakonda upesi na anahitaji nguvu. Nasema tu visikutane. Vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, navyo vikae mbali na levodopa.

Dozi zifuate saa zilezile kila siku, jinsi daktari alivyozipanga. Ikichelewa, mwili unafunga. Wenye simu waweke kengele. Huku Rumonge, na kule Buyenzi, Bujumbura, wapo Waislamu wanaofuata adhana, na kwetu, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, saa za swala hazibadiliki sana mwaka mzima. Ni msaada mzuri, ila angalieni: kutoka Alfajiri hadi Adhuhuri ni karibu saa saba, na kutoka Adhuhuri hadi Alasiri ni saa tatu na kidogo. Mwenye kunywa dawa kila baada ya saa nne, adhana peke yake haimtoshi. Na mwezi wa Ramadhani, asijikatie dawa. Mgonjwa ana ruhusa ya dini kutofunga. Kuacha levodopa kwa ghafla kunaweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa, hali inayoweza kuua. Amuone daktari na shehe wake kabla mwezi haujaandama.

Saa nne asubuhi, dawa imeshika, mwili mwepesi. Hii ndiyo saa yake ya kufanya mambo. Wengi tunaiharibu kwa kumwambia, mzee pumzika. Apumzike nini? Mazoezi ni sehemu ya tiba. Atembee mpaka ufukoni, aanike ndagala kwenye kichanja, ashone wavu, apepete maharage. Akitembea, anyanyue miguu, kisigino kitangulie, mikono iyumbe. Akitaka kugeuka, asijizungushe mahali pamoja. Azunguke taratibu kwa duara pana. Kwenda ziwani usiku peke yake na mtumbwi, hapana. Akiganda katikati ya maji nani atamsaidia?

Neno hilo kuganda lina uzito wake. Mgonjwa anafika mlangoni, na miguu inagoma kana kwamba imegundishwa sakafuni. Kichwa kinataka kwenda, miguu haitaki. Nyuma yake watu wanasema, twende basi! Mtoto anamvuta mkono. Hapo ndipo mzee anapoanguka na kuvunjika nyonga. Msimvute, msimsukume, msipige kelele. Simama ubavuni mwake. Avute pumzi. Ahamishe uzito mguu huu, mguu ule. Kisha ahesabu moja, mbili, tatu, apige hatua. Au weka mguu wako mbele ya wake, mwambie auvuke; utashangaa, atauvuka. Chora mistari kwa chaki au mkaa pale mlangoni, akanyage mstari mmoja baada ya mwingine. Mdundo nao unasaidia sana, na watafiti wameuthibitisha: ile njia ya ubongo inayotoa hatua zenyewe imeharibika, lakini hatua inayoitwa kwa mstari au kwa mdundo hupita njia nyingine. Sisi Warundi tutakosaje mdundo? Ngoma zetu za kifalme UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Mjukuu na apige makofi, au aligonge debe, babu atoke kwa mwendo wa ngoma.

Mezani, akae wima, tonge liwe dogo na lenye mchuzi, amalize kumeza ndipo aongezewe. Mukeke mtoleeni miiba. Akila kwa dakika arobaini, mwache ale. Chakula au mate yakiingia njia ya hewa huleta nimonia, na nimonia ndiyo inayowaondoa wengi wa wagonjwa hawa. Choo kigumu kiondolewe kwa maji ya kutosha, papai, na mboga za lengalenga na isombe, maana tumbo likifunga, dawa pia huchelewa kuingia mwilini. Kuhusu sauti, asome kwa nguvu, aimbe kwaya, asome Kurani kwa sauti ya juu kila siku. Yeye anajisikia anapiga kelele. Ninyi mnamsikia kawaida. Hiyo ndiyo sauti tunayoitaka.

Jioni, dozi ikikaribia kwisha, mtetemeko unarudi. Miaka ikipita, muda wa nafuu huwa mfupi, na wengine huanza kujinyonganyonga mwili bila kukusudia pale dawa inapokuwa na nguvu. Hapo watu husema dawa imemharibu, wanaitupa. Msiitupe. Rudini kwa daktari abadilishe kipimo au saa. Vilevile, mzee akianza kuona watu wasiokuwepo chumbani, semeni. Huenda ni dawa, huenda ni ugonjwa wenyewe, na vyote vina utaratibu wake. Na akikaa kimya siku nyingi, halii wala hacheki, hataki kuona mtu, msidhani ni kiburi. Huzuni nzito ni sehemu ya ugonjwa huu, nayo inatibika.

Sasa onyo, hasa kwa ndugu zangu wauguzi na wauza farmasi. Kuna dawa mbili za kawaida ambazo mgonjwa wa Parkinson hapaswi kupewa bila ushauri wa daktari wake. Ya kwanza ni metoclopramide, ile ya kuzuia kutapika. Ya pili ni haloperidol, ya kutuliza waliochanganyikiwa. Zote mbili huziba njia ya dopamini, na mtu aliyekuwa akitembea anaweza kulala kitandani asiinuke. Andikeni majina hayo mawili kwenye karatasi, pamoja na jina la ugonjwa na saa za dozi zake, karatasi ikae pamoja na kitambulisho chake. Siku akilazwa kwa malaria, karatasi hiyo itamsemea.

Na je, upupu unafaa kuwa dawa? Ndiyo, ule unaowasha. Mbegu zake zina levodopa ya kweli, na zimefanyiwa utafiti hata katika nchi za Afrika. Lakini mbegu moja haina kipimo sawa na nyingine, na mtu aliye kwenye vidonge akiongeza upupu anajizidishia dawa asiyoijua kiasi. Msijaribu jikoni.

Najua mtaniuliza, dawa zenyewe zinapatikana wapi? Swali la haki. Mara nyingi ni safari ya Bujumbura, na bei si ya mvuvi. Ndiyo sababu nasema msingoje kidonge cha mwisho. Kikibaki cha wiki mbili, anzeni kutafuta. Familia mbili tatu zikijuana, mmoja akipanda Bujumbura anawaletea wote. Na sisi sote tuna haki ya kuuliza: dawa iliyo katika orodha ya lazima duniani, kwa nini isikae katika hospitali za wilaya, pale pale zilipo za shinikizo la damu na kisukari? Ugonjwa huu utaongezeka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu zaidi ya milioni 8.5 wenye ugonjwa huu mwaka 2019, na kadiri tunavyoishi miaka mingi ndivyo wagonjwa watakavyozidi. Gari la wagonjwa liliwaokoa mama zetu kwa sababu kuna mtu alipanga liwepo. Kidonge cha kila baada ya saa nne nacho kinahitaji kupangwa.

Nimalizie kwa mtunzaji, ambaye mara nyingi ni mama mwenye nyumba au binti aliyeacha biashara yake sokoni. Wewe pia unachoka. Ndugu wengine wachukue zamu, hata siku moja kwa wiki, na si kwa simu ya salamu tu. Aliye Bujumbura atume dawa. Aliye kijijini atembee na mzee asubuhi. Mtoto wa shule aandike saa za vidonge ukutani kwa herufi kubwa.

Na kama unamjua mtu wa namna niliyoeleza ambaye hajawahi kupimwa, mpeleke kituo cha afya wiki hii. Mwambie mhudumu mambo matatu: mkono unatetemeka ukiwa umetulia, mwendo umekuwa mzito, na yote yalianza upande mmoja. Muulize waziwazi kama ni Parkinson, na uombe barua ya kumwona daktari wa mishipa ya fahamu.

Anayenywa dawa ya saa sita, maji yawe tayari.